Leseni ya Kampuni na Mkono wa Fundi wa Viyoyozi



Zamani kiyoyozi kilihesabiwa kuwa alama ya ukubwa. Kilikuwa chumbani kwa mkurugenzi, na karani aliyeingia na jalada mkononi alipenda kukawia humo dakika mbili tatu kabla ya kurudi kwenye joto lake. Siku hizi mambo yamebadilika. Vyumba vya kompyuta, maabara, benki za damu na vyumba vya upasuaji haviwezi kufanya kazi barabara bila mitambo ya kupooza hewa, na katika zahanati ya kijijini jokofu la chanjo halina budi kukaa kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8 za sentigredi, usiku na mchana. Likitoka nje ya kiwango hicho, mama aliyetembea maili kadhaa na mtoto mgongoni huenda mtoto wake akachomwa chanjo isiyo na nguvu, wala hapatakuwa na mtu wa kumwambia. Kwa hiyo swali la nani aruhusiwe kufunga na kutengeneza mitambo hiyo ni la umma mzima, na si la mafundi peke yao.

Sheria zipo, wala si changa. Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972 yamtaka mfanyabiashara awe na leseni. Sheria Na. 17 ya mwaka 1997 iliunda Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na kwa sheria hiyo ni kosa kufanya kazi ya ukandarasi bila kusajiliwa. Bodi huwagawa makandarasi kwa aina za kazi, yaani wa majengo, wa barabara na madaraja, wa umeme, wa mitambo na wa kazi maalumu, kisha huwapanga katika madaraja, kila daraja na kikomo chake cha thamani ya kazi. Ufungaji wa viyoyozi vya jengo zima umo katika makundi hayo mawili ya mwisho. Kazi ikipatikana, nayo husajiliwa kabla haijaanza, na bango likasimamishwa mahali pa kazi. Anayeunganisha mtambo na umeme wa jengo atakiwa awe na leseni ya EWURA, chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008. Juu ya hayo yote iko Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayomwajibisha mwajiri kumkinga mfanyakazi wake na hatari.

Kwa hesabu ya karatasi, basi, nchi haina upungufu. Lakini kila karatasi hujibu swali lake tu. Leseni ya biashara yaeleza kwamba mtu fulani ana mahali pa kufanyia shughuli zake na serikali inamtambua. Usajili wa ukandarasi waeleza kwamba kampuni imeonyesha wataalamu, vifaa na uwezo. Leseni ya umeme humpima mtu mwenyewe, lakini humpima katika nyaya. Katika hizo tatu hakuna inayothibitisha kwamba yule kijana aliyepanda ngazi na mtungi begani anajua kilichomo ndani ya mtungi.

Na kijana huyo aghalabu si mwajiriwa wa kampuni iliyoshinda zabuni. Ni fundi wa mtaani, aliyeitwa kwa simu kutoka Kariakoo au Gerezani asubuhi ile ile akaahidiwa ujira wa siku. Kampuni imeweka vyeti katika jalada, yeye ameleta mikono yake. Mara nyingi ni fundi hodari, aliyekaa miaka mingi chini ya fundi mkubwa na ambaye ukimpa kompresa gizani ataifungua na kuifunga. Mara nyingine ni mwanafunzi wa wiki tatu. Afisa ugavi hana njia ya kuwatofautisha, kwa sababu hakuna mtu aliyemwagiza kuuliza. Jalada likikamilika, kazi yake imekwisha.

Yafaa kueleza kazi yenyewe kidogo, maana hapa ndipo fedha za umma zinapovuja. Watu wengi hudhani gesi ya kiyoyozi huisha kama petroli ya gari. Si kweli. Gesi huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na mtambo usiovuja waweza kufanya kazi miaka mingi bila kuongezewa hata kidogo. Ofisi inayolipia “kujaza gesi” kila baada ya miezi minne inalipia tundu ambalo hakuna aliyelitafuta. Fundi aliyefundishwa huanza kwa kulitafuta. Hutia naitrojeni kwa shinikizo, hupaka povu la sabuni kwenye maungio, huziba panapovuja, huvuta hewa na unyevu wote kwa pampu, na mwisho huingiza gesi kwa mizani, kwa uzito ule ule ulioandikwa kwenye kibao cha mtambo. Asiyefundishwa hufungua koki na kukisia kwa ubaridi wa bomba kiganjani.

Hasara ya fedha ni jambo moja, uhai ni jambo jingine. Fundi asiyejua huweza kuchukua oksijeni ya kuchomelea badala ya naitrojeni kwa kuwa ndiyo iliyo karibu, na oksijeni yenye shinikizo ikikutana na oili ya kompresa hulipuka. Huweza pia kutia propani, ambayo kwa jina la kazi huitwa R-290, katika mtambo uliotengenezwa kwa gesi ya R-22. Propani hupooza vizuri sana, na hilo halina ubishi. Lakini ni jamaa ya gesi ya kupikia, na mtambo ule haukujengwa kwa tahadhari ya moto. Atakayeumia ni yeye mwenyewe fundi, au mhudumu wa ofisi anayefika alfajiri kuwasha taa, na hakuna hata mmoja kati yao ambaye jina lake limo katika mkataba.

Mataifa yalikwisha kuliona sehemu ya jambo hili. Mkataba wa Montreal wa 16 Septemba 1987, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1993, ulianza kuziondoa gesi zinazoharibu tabaka la ozoni, na marekebisho yake ya mwaka 1997 yalizitaka nchi wanachama ziwe na utaratibu wa vibali vya kuingiza na kutoa gesi hizo. Mtungi, kwa hiyo, huulizwa kibali bandarini. Ukishapita hapo na kufika dukani, hununuliwa na yeyote mwenye fedha. Marekani, nchi isiyojulikana kwa kupenda kumbana mfanyabiashara, ilikwenda mbali zaidi: tangu 14 Novemba 1994 fundi anayefungua mfumo wa gesi hizo hana budi kuwa amefaulu mtihani na kupata cheti chenye jina lake mwenyewe, na uuzaji wa gesi umefungamanishwa na cheti hicho.

Watakuwapo watakaosema kwamba dawa ni msako. Mafundi wasio na karatasi wakamatwe, mitungi itaifishwe, na mambo yatanyooka. Wenye kauli hiyo wamesahau historia. Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 ilikusudia jambo jema, kwamba kila mwenye uwezo afanye kazi halali. Katika utekelezaji wake mijini iliwaangukia wachuuzi na wang'arisha viatu, watu ambao kwa kweli walikuwa wakifanya kazi, wakadaiwa vitambulisho wasivyokuwa na njia ya kuvipata. Kibali ambacho mtu hawezi kukipata ni mtego tu, na anayenufaika na mtego huo ni mla rushwa aliyeketi kando yake.

Kuna mfano mwingine wa karibu zaidi. Desemba 2018 serikali ilianza kutoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000. Lolote lisemwalo juu ya ugawaji wake, vilionyesha kwamba dola yaweza kumfikia mtu mdogo kwa bei anayoimudu. Havikupima ujuzi, wala havikukusudiwa hivyo. Upimaji wa ujuzi uko VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ambayo ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa: fundi hupimwa kwa kazi ya mikono yake, huongezewa mafunzo pale alipopungukiwa, kisha hupewa cheti. Bei ya kitambulisho kile na mtihani wa namna hii vikiunganishwa katika kadi moja ya mtu binafsi anayeshika gesi, fundi wa Gerezani atakuwa na kitu cha kuonyesha mlangoni, na kampuni itakayomwita haitaweza tena kumlipa kana kwamba ni mpagazi. Huenda hapo ndipo baadhi ya makandarasi watakapolalamika kwa sauti kubwa zaidi.

Walimu wa shule za ufundi wana sehemu yao katika jambo hili, maana mwanafunzi anayefundishwa jokofu kwa mchoro wa ubaoni bila kushika pampu wala mizani atakwenda kujifunza mengine mtaani, pamoja na makosa ya mtaani.

Wakati nao haungoji. Kwa ratiba ya Montreal, nchi zinazoendelea zilitakiwa kuwa zimepunguza matumizi ya R-22 na jamaa zake kwa asilimia 67.5 ifikapo mwaka 2025, na kuyafuta mwaka 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha matengenezo hadi 2040. Mitambo ya zamani iliyomo katika majengo ya umma itabidi ing'olewe. Mingi ya mipya hutumia R-32, ambayo hushika moto ijapokuwa kwa uvivu, na mingine hutumia R-290, ambayo haina uvivu wowote. Mikataba ya kazi hiyo inaandikwa maofisini, na wanaoiandika ni watumishi wa umma. Hakuna sheria mpya inayohitajika ili afisa ugavi aongeze mistari mitatu katika masharti yake: jina la fundi atakayeshika kazi na cheti chake cha ujuzi wa gesi, aina ya gesi na uzito wake kwa gramu, na taarifa ya kipimo cha uvujaji iliyotiwa saini na fundi huyo huyo kabla ya hundi kuandikwa.