Siku ya Feira ya Mbegu: Twende Nyumba Nzima

Leo tuongee juu ya feira ya mbegu. Mvua zetu huanza Novemba na Desemba, kwa hiyo mbegu itafutwe kabla ya hapo.

Waliowahi kuishi ng'ambo ya Ruvuma wanaijua Nane Nane, sikukuu ya wakulima ya tarehe 8 Agosti. Watu wa Lindi na Mtwara huenda viwanja vya Ngongo na watoto wao, wakaangalia mifugo, mashine na mazao. Feira yetu ni ndogo, lakini ina uzito wake: hapa huangalii tu, unachagua utakachokula mwakani.

Inakwenda hivi. Wafanyabiashara hupanga uwanjani mbegu, majembe na mapanga. Familia iliyoandikishwa hupewa senha, yaani vocha, zenye thamani fulani, ikachagua yenyewe na kulipa kwa senha hizo. Mwuzaji hulipwa fedha yake baadaye. FAO na Wizara ya Kilimo wameandaa feira za namna hii hapa Msumbiji kwa miaka mingi.

Sasa neno langu: mwenye jina kwenye orodha asiende peke yake. Mara nyingi baba huondoka na senha mfukoni, akarudi na mahindi matupu. Mama atakayepanda hakuulizwa. Bibi naye hakuulizwa.

Kwetu mbegu zilikuwa kazi ya bibi. Alizitundika juu ya meko zipate moshi, wadudu wasizile: mahindi, kunde, njugu mawe. Siku ya kukimbia tulibeba watoto, mbegu zikabaki. Basi tulipofika feira, bibi alitia mkono ndani ya gunia la kunde, akazimwaga kiganjani, akatuonyesha vitundu vya wadudu. Tukahamia kwa mwuzaji mwingine. Hilo shuleni sikufundishwa.

Kabla ya kutoka nyumbani, kaeni muulizane: tuna ardhi gani? Aliyeazimwa shamba la mchanga na wenyeji afikirie kunde na karanga. Mwenye bonde, mpunga. Mwenye kipande kidogo nyuma ya nyumba, bamia, nyanya na maboga. Msiweke senha zote kwenye zao moja, maana mvua ikikata, zao moja likifa, lingine huenda likapona.

Kuna mambo matatu ya kushika.

La kwanza, mbegu zilizopakwa rangi, nyekundu au ya waridi, mara nyingi zimetiwa dawa. Haziliwi. Ukiziosha, ukizipika, sumu inabaki. Zifiche watoto na kuku wasizifikie, na mfuko wake usiwekee unga. Najua njaa ipo, na mama akisikia mtoto analia usiku huangalia kila gunia. Gunia hilo liacheni.

La pili, mkifika nyumbani zijaribuni. Hesabuni punje 10, zifungeni kwenye kitambaa chenye unyevu, kisikauke, msubiri siku 5 hadi 7. Zikiota 8 au zaidi, mbegu ni nzuri. Zikiota 5 tu, ongezeni punje katika kila shimo, na mwambieni kiongozi wa mtaa ili taarifa ifike kwa walioandaa feira. Watoto wapeni kazi hii, wataipenda.

La tatu, senha ni bure. Mtu yeyote, awe kiongozi au mfanyakazi wa shirika, akitaka fedha, akitaka fungu la mbegu zako, au akimtaka mwanamke au binti mwili wake ili jina liandikwe, huyo amefanya kosa, si wewe. Piga 1458, Linha Verde. Simu hiyo hailipiwi. Na anayekushawishi umwuzie senha kwa metikali chache, mjue: ananunua mavuno yako kabla hujapanda.

Siku ya feira tokeni asubuhi, mrudi jua lingalipo. Bibi asiyeweza kutembea mbali, kijana amtafutie baiskeli. Mtu aliyelima miaka hamsini msimwache kulinda nyumba siku ya kuchagua mbegu.