Mtu Huru Ni Nani?

Leo nitasema juu ya maneno mawili tu: "mtu huru".

Mwaka 1215, kando ya mto Thames, mabwana wakubwa wa Uingereza walimshurutisha Mfalme John kutia muhuri hati iliyosema kwamba mtu huru asifungwe ila kwa hukumu ya wenzake au kwa sheria ya nchi. Maneno mazuri. Lakini wakulima wengi, waliofungamana na ardhi ya mabwana wao, hawakuhesabiwa kuwa huru, hati ikawapita.

Mwaka 1771 James Somerset, mtumwa aliyetoroka huko London, alikuwa amefungwa minyororo merikebuni ili apelekwe Jamaica kuuzwa. Wasimamizi wake wa ubatizo wakaomba mahakama imwamuru nahodha amlete na kueleza sababu ya kumfunga. Jaji Mansfield hakuona sheria yo yote iliyoruhusu jambo lile. Somerset akaenda zake.

Pwani ya Kenya utumwa ulifutwa 1907. Nalo Tamko la Umoja wa Mataifa la 1948 halikutaja "mtu huru". Lilisema mtu ye yote asikamatwe ovyo. Hata hivyo, baada ya 1952, katika Hali ya Hatari, maelfu ya watu walizuiliwa humu Kenya bila kuhukumiwa.