Tujiandae Kukabidhiana Uongozi: Hotuba ya Kamati Tendaji katika Harambee ya Mwaka, Simbo



Kila mwaka tunasoma mapato na matumizi, tunaomba, nanyi mnatoa. Leo, kabla kapu halijapita, tunaomba dakika chache tuzungumzie jambo ambalo huwa haliwekwi kwenye ratiba: nani atashika chama hiki sisi tukiondoka. Katiba inatuondoa sote kwa siku moja katika mkutano mkuu ujao, mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Madarasa mnayochangia leo yatamaliziwa na watu wengine. Mna haki ya kujua watakuwa wamepokea nini mkononi.

Mfano tunao hapa hapa ziwani. Jane Goodall alifika Gombe Julai 14, 1960, na dunia nzima ikaijua kazi ile kwa jina lake. Mei 1975 watu wenye silaha walivuka ziwa kutoka Zaire wakawateka watafiti vijana wanne wa kigeni. Baadaye waliachiwa, lakini watafiti wa kigeni wakaondoka, na Goodall mwenyewe hakuweza tena kukaa pale kama zamani. Mtu angedhani kazi imekwisha. Haikwisha, kwa sababu Watanzania waliokuwa wamefundishwa kuwafuata sokwe msituni na kuandika kila wanachokiona waliendelea kuandika. Hawakusubiri mwenye jina arudi. Mwaka 1977 ikaanzishwa taasisi, na mwaka 1994 ikaja TACARE, ambayo wengi wenu mnaijua kwa vitalu vya miti na mikopo ya akina mama katika vijiji vya Kigoma. Goodall alifariki Oktoba 1, 2025 akiwa na miaka 91, akiwa katika ziara ya mihadhara Marekani. Gombe kazi inaendelea.

Sisi hatuna sokwe wala wafadhili wa ng'ambo. Tuna kiwanja, akaunti ya benki, muhuri, na imani yenu. Lakini swali ni lile lile: nani mwingine anajua kuandika kwenye daftari?

Tumeona vyama vya wenzetu vilivyokwama, na mara nyingi si kwa wizi. Hati ya kiwanja ilikuwa sandukuni kwa marehemu, na watoto hawakujua ni ya chama. Namba ya simu ya kuchangia ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mmoja, akahama. Watia saini benki walikuwa watatu, wawili wakafariki, na benki ikadai muhtasari wa kikao ambacho hakuna aliyekiandika. Fedha zipo, hazitoki. Tofali zinaota majani.

Sheria inatusaidia tukiitumia. Chini ya Sheria ya Wadhamini, Sura 318, bodi ya wadhamini ikishasajiliwa RITA inakuwa chombo kinachoishi hata wajumbe wake wakifa, na mali inakuwa ya bodi, si ya mtu. Ila mdhamini akifariki au akijiuzulu lazima ajazwe mwingine, na RITA ijulishwe. Karatasi hizo hazijipeleki.

Kuhusu nani awe mdhamini, tuseme wazi. Tumezoea kutafuta jina kubwa lililoko mjini. Mdhamini asiyefika kikaoni ni picha ya ukutani. Tunahitaji anayejua kusoma hesabu, tunahitaji mama anayeishi hapa Simbo na anayeliona jengo kila siku, na tunahitaji kijana ambaye miaka kumi ijayo bado atakuwa na nguvu.

Tunapendekeza katiba irekebishwe ili viongozi watoke kwa zamu, asiondoke mweka hazina mwaka ule ule na katibu. Kila mwenye cheo awe na msaidizi anayekaa naye mwaka mzima kabla ya kupokea. Makabidhiano yafanyike kwa maandishi, mbele ya wadhamini, kitu kwa kitu. Wapo watakaotukumbusha kwamba Mwalimu Nyerere aliachia Urais mwaka 1985 akabaki Mwenyekiti wa CCM hadi 1990. Kwa nchi, wenye kujadili wajadili. Kwa chama kidogo kama hiki, mwenyekiti mstaafu anayebaki na muhuri ni ugomvi. Sisi tukitoka tutabaki wanachama, na tukiitwa kushauri tutakuja.

Ndiyo maana mwaka huu tunaomba sehemu ndogo ya makusanyo itengwe kwa mkaguzi wa hesabu na kwa gharama za kusajili mabadiliko ya wadhamini. Tunajua kuchangia mfuko wa saruji ni rahisi kuliko kumchangia mkaguzi, maana saruji inaonekana. Tunaomba hivyo hivyo.

Daftari la ahadi liko mezani kwa mweka hazina, chini ya mwembe. Pembeni yake ameketi msaidizi wake, na ndiye atakayewaandikia risiti leo. Mpeni nafasi, hata akichelewa kidogo.