Utafiti Urudi Mtaani

Matini ya mazungumzo kwa wakazi na wanafunzi wa vyuo, Kibera na Kawangware



Wanafunzi wengi wa vyuo vikuu na vyuo vya kiufundi jijini wanaishi Kibera na Kawangware. Wengine wamezaliwa hapa; wengine wametoka mashambani wakatafuta chumba ambacho kodi yake wanaimudu. Mchana wanasikiliza mihadhara kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Jioni wanaruka mtaro uliofurika, wananunua maji yaliyopita kwenye mabomba ya plastiki yaliyolazwa ndani ya mtaro huohuo, kisha wanapika kwa jiko la makaa katika chumba chenye dirisha moja. Mwanafunzi akiugua tumbo wakati wa mtihani, chanzo kinaweza kuwa bomba lililopasuka hatua chache kutoka mlangoni pake. Afya yake na hali ya mtaa wake ni jambo moja.

Nairobi ina mtu aliyeliona hilo mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Wangari Maathai, mhadhiri wa anatomia ya mifugo katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alikwenda mashambani kukusanya kupe kwa ajili ya utafiti wa ugonjwa wa ng'ombe. Huko aliona mito iliyojaa udongo, ng'ombe waliokonda na watu waliokosa lishe. Akatambua kwamba kupe hawakuwa tishio pekee. Ardhi yenyewe ilikuwa imevuliwa miti. Tarehe 5 Juni 1977, akiwa na Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, alishiriki kupanda miche saba katika uwanja wa Kamukunji. Hiyo ndiyo ikawa Green Belt Movement, na mwaka wa 2004 akatunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel. Taasisi ya chuo hicho yenye jina lake iko Kabete, si mbali na Kawangware.

Kibera nayo ina mifano yake. Mwaka wa 2006, wanafunzi wa usanifu kutoka Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walianza kushirikiana na wakazi wanaoishi kando ya mto. Kutokana na kazi hiyo yamejengwa maeneo ya umma ambapo palikuwa na taka: vyoo, vibanda vya maji, mahali pa kufulia na viwanja vya watoto. Vikundi vya wakazi vilishiriki kuchora, kujenga na kusimamia.

Kuna pia bustani za magunia, zilizoenea Kibera baada ya ghasia za mwaka wa 2008. Gunia la udongo likitobolewa pembeni, hubeba sukuma wiki na spinachi mahali ambapo hakuna shamba. Watafiti waliofuatilia wakulima hao waliona kwamba familia zao zilikula vyakula vya aina nyingi zaidi, na kwamba majirani walisaidiana zaidi. Lakini udongo uliochotwa karibu na jalala unaweza kuwa na madini hatari kama risasi. Mama mwenye gunia hana maabara, chuo kinayo. Hapo ndipo mwanafunzi wa kemia anapohitajika.

Hata hivyo, wakazi wana lalamiko, na lina haki ya kusikika. Kila mwaka watafiti huja na hojaji, huuliza kuhusu choo, chakula na mapato ya nyumba, kisha huondoka. Ripoti inampa mtu shahada, huku aliyejibu maswali asijue hata kama maji anayokunywa ni salama.

Sheria inampa mkazi nguvu. Ibara ya 42 ya Katiba inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Vyuo vikuu viko chini ya Serikali ya Kitaifa, lakini uzoaji wa taka ni jukumu la Kaunti, nayo Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe. Anayefanya utafiti nchini anatakiwa kuwa na kibali cha Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi.

Kwa hivyo, mambo matatu.

Kwa wakazi: mtafiti akibisha hodi, mwombeni kibali, na mumuulize atarudi lini na majibu. Kuuliza si utovu wa adabu.

Kwa wanafunzi: rudisheni matokeo kwenye baraza, kwa Kiswahili, kabla ya siku ya mahafali. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nanyi jitunzeni: chemsheni au tibuni maji ya kunywa, na msilale kamwe na jiko la makaa likiwaka ndani, kwa kuwa hewa yake huua bila harufu. Anayelemewa na mawazo asijifungie chumbani. Amwone mshauri wa chuo, au amwambie jirani anayemwamini. Kuzibua mtaro pamoja na wenzake Jumamosi hakutamaliza shida zake, lakini kutampa watu wanaomjua kwa jina.

Kwa wahadhiri: mnapowatuma wanafunzi mitaani, hesabuni pia kile kilichobaki mtaani baada ya kazi yao.

Mafuriko ya Aprili 2024 yalibomoa nyumba kando ya mito ya jiji bila kuuliza nani ana shahada na nani hana. Mvua nyingine itakuja. Maarifa yaliyoko vyuoni yafike kwenye mitaro kabla yake.