Kutoa Hakufilisi Kikundi

Hotuba kwa vikundi vya kujisaidia, Ikonge

Tumeambiwa tuzungumze juu ya ukarimu. Njiani tulijiuliza: watu wa Ikonge tutawaambia nini juu ya ukarimu, na hapa mgeni hatoki nyumbani bila kula? Lakini kuna jambo moja tulilojifunza kwa uchungu katika kikundi chetu. Hilo ndilo tumewaletea.

Tulianza tukiwa akina mama 20. Tulikuwa na mchango wa mzunguko na kitabu cha sheria. Ukikosa mchango mara moja, faini. Ukikosa mara tatu, unatoka. Basi mtoto wa mwenzetu mmoja akalazwa hospitalini. Mama akakosa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Tukafungua kitabu, tukasoma, tukamtoa. Sheria ni sheria, si ndio? Kumtembelea hatukumtembelea hata siku moja.

Mnajua kilichofuata? Pesa hazikupungua. Watu ndio walipungua. Mwaka huo wengine wanne walijitoa polepole, kila mmoja na sababu yake. Baadaye mmoja akatuambia ukweli: "Niliona yaliyompata yule, nikajua siku moja yatakuwa yangu." Tulidhani tunalinda kikundi, kumbe tunakibomoa kwa mikono yetu wenyewe.

Wazee walioko hapa wanajua zamani mambo yalikuwaje. Kulikuwa na egesangio, watu wachache wakilimiana kwa zamu, leo kwangu, kesho kwako. Tena kulikuwa na risaga. Mwenye kazi kubwa, kama kupalilia wimbi au kujenga nyumba, aliwaita majirani, akawaandalia chakula na pombe. Hakuna aliyelipwa pesa. Lakini aliyeitikia mwito wa jirani alijua kwamba siku yake akiita, watu watakuja. Hiyo ndiyo ilikuwa benki yao.

Mchango wetu wa mzunguko ni mtoto wa egesangio. Unatoa hesabu, unapokea hesabu ileile. Ni jambo zuri, tusiliache. Lakini hesabu sawa haisaidii siku ile mwenzako hana cha kurudisha. Siku hiyo kikundi kinahitaji mkono mwingine, mkono usiohesabu.

Msiseme, "Sisi ni maskini, tutatoa nini?" Hebu tuwakumbushe jambo lililotokea kwa majirani zetu. Ukipita Kisii na Ogembo unafika Kilgoris, na huko Trans Mara kuna kijiji cha Wamaasai kiitwacho Enoosaen. Kijana wao mmoja, Kimeli Naiyomah, alikuwa akisoma Marekani. Tarehe 11 Septemba 2001 alikuwa katika mji wa New York, siku majengo mawili marefu yalipoangushwa na watu karibu 3,000 wakafa katika mashambulizi ya siku hiyo. Aliporudi nyumbani mwaka wa 2002 akawasimulia wazee. Wazee wakatoa ng'ombe 14, wawape Wamarekani pole. Mwezi wa Juni mwaka huo afisa wa ubalozi wa Marekani akaenda Enoosaen kuwapokea.

Jameni, babu zetu na babu zao walipigania ng'ombe miaka mingi. Tunajua ng'ombe ni nini kwa Mmaasai. Na aliyepewa ni nchi tajiri kuliko karibu zote duniani! Ng'ombe hawakusafirishwa, walibaki kijijini wakitunzwa. Lakini habari zao zilifika mbali, na mwaka wa 2009 zikaandikwa katika kitabu cha watoto huko Marekani. Mwaka wa 2006 ubalozi ulitangaza msaada wa kusomesha watoto 14 wa kijiji hicho. Wazee wale hawakutoa ili wasomeshewe watoto. Walitoa kwa sababu mtu akifiwa huendi kwake mikono mitupu. Thawabu ilikuja yenyewe, kwa njia ambayo hakuna aliyeipanga.

Na mtoaji mwenyewe anapata kitu. Mwaka wa 2013 watafiti walitoa matokeo ya kazi waliyoifanya na wanafunzi wa Kanada na wa Uganda. Wengine waliambiwa wakumbuke siku walipotumia pesa kwa ajili ya mtu mwingine, wengine siku walipozitumia kwa ajili yao wenyewe. Waliokumbuka kumpa mwenzao walikuwa na furaha zaidi, katika nchi tajiri na katika nchi yenye shida kama zetu. Wahenga walisema zamani: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Sasa sisi tulifanya nini? Tulikuwa tumebaki 15. Tukakubaliana kila mmoja aongeze shilingi 20 kila mkutano, nazo ziwekwe mbali na akiba. Tunakutana mara mbili kwa mwezi. Hiyo ni shilingi 600 kwa mwezi, 7,200 kwa mwaka. Si nyingi, lakini zinamfikisha mgonjwa hospitalini. Tukaweka masharti manne:

1. Akiba ya wanachama na pesa za mikopo haziguswi. Ukarimu kwa mali ya mwingine si ukarimu.
2. Watu wawili wanapeleka msaada nyumbani, kimya kimya. Hatusomi jina kwa kipaza sauti kama kwenye harambee za kujionyesha.
3. Msaada haurudishwi, wala haukumbushwi wakati wa ugomvi.
4. Asiye na shilingi 20 alete kuni, maji au siku moja ya jembe. Hayo nayo yanaandikwa.

Kisha tukaenda kwa yule mama. Tuliomba msamaha kwanza, ndipo tukamwomba arudi. Alinyamaza kwa muda mrefu. Akasema, "Karibuni chai." Alirudi mwezi uliofuata. Mvua ya mawe ilipotoboa mabati ya mweka hazina wetu, yeye ndiye aliyefika wa kwanza, na sufuria ya uji kichwani. Leo tuko 23.

Hatutawadanganya. Kuna mmoja tuliyemsaidia ambaye hajarudi hata kusema asante. Mwanzoni tulinung'unika. Halafu tukasoma tena sharti la tatu, tukanyamaza.

Basi tunawaomba jambo moja. Mkirudi kwenye vikundi vyenu, kabla ya bonasi ya chai kugawanywa, someni orodha ya majina ya zamani. Tafuteni aliyetoka kwa sababu ya shida, si kwa sababu ya ubaya. Nendeni kwake wawili. Msiende mikono mitupu.