Shirikisho Nalo ni Kombe

Katika siku nane za mwezi Mei mwaka 2025 zilichezwa mechi tatu za fainali za mashindano ambayo mashabiki wengi wa Dar es Salaam wamezoea kuyaita madogo. Mei 21, mjini Bilbao, Tottenham Hotspur iliifunga Manchester United bao 1-0 katika fainali ya Europa League. Mei 25, kwenye Uwanja wa Amaan, Zanzibar, Simba ilitoka sare ya 1-1 na RS Berkane ya Morocco katika mkondo wa pili wa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, ikalikosa kombe hilo kwa jumla ya mabao 3-1. Na Mei 28, mjini Wroclaw, Poland, Chelsea iliichapa Real Betis mabao 4-1 katika fainali ya Conference League. Katika vibanda umiza vya Segerea, kama vilivyo vya Tabata, Kinyerezi na Mbagala, yaani mabanda ambako watu hulipa kiingilio kidogo ili kutazama mpira kwa pamoja, mashindano ya namna hii hubezwa msimu mzima, lakini siku ya fainali mabenchi hujaa na watu hutazama roho mkononi. Tabia hiyo ina sababu zake, lakini kwa shabiki wa Afrika Mashariki haina msingi, kwa kuwa historia, hesabu na matokeo ya uwanjani vyote vinaipinga.

Mashindano ya daraja la pili ni yale ambayo shirikisho la soka la bara huyaandaa kwa ajili ya klabu ambazo hazikupata nafasi katika kombe la mabingwa. Ulaya iliyaanzisha kwa jina la Kombe la UEFA mwaka 1971, ikayaita Europa League kuanzia mwaka 2009, na mwaka 2021 ikaongeza ya daraja la tatu, yaani Conference League. Afrika ilikuwa na Kombe la Klabu Bingwa tangu mwaka 1964, ambalo mwaka 1997 liligeuzwa kuwa Ligi ya Mabingwa. Chini yake likawekwa Kombe la Washindi mwaka 1975, kwa ajili ya klabu zilizotwaa makombe ya nchi zao, na Kombe la CAF mwaka 1992. Hayo mawili ya chini yaliunganishwa mwaka 2004 na kuzaa Kombe la Shirikisho, ambalo shabiki wa kawaida hulitaja kwa neno moja tu: Shirikisho.

Anayelibeza kombe hilo hana budi kwanza aitazame historia ya ukanda wake. Katika kombe kubwa, klabu za Uganda zilifika fainali mara mbili, Simba ya jeshi mwaka 1972 na SC Villa mwaka 1991, zote zikashindwa, na klabu za Kenya na Tanzania hazijawahi kufika huko. Katika makombe ya daraja la pili hadithi ni nyingine kabisa. Gor Mahia ya Kenya ilifika fainali ya Kombe la Washindi mwaka 1979 ikafungwa na Canon Yaoundé ya Kamerun, kisha ikarudi mwaka 1987 na kulitwaa mbele ya Espérance ya Tunisia, baada ya sare ya 2-2 mjini Tunis na nyingine ya 1-1 jijini Nairobi. Mwaka 1992 Villa ilicheza fainali ya kwanza kabisa ya Kombe la CAF dhidi ya Shooting Stars ya Nigeria, na mwaka huohuo Vital'O ya Burundi ikacheza fainali ya Kombe la Washindi dhidi ya Africa Sports ya Ivory Coast. Mwaka 1993 ikafika zamu ya Simba ya Msimbazi, iliyotoka suluhu na Stella mjini Abidjan, ikarudi nyumbani nchi nzima ikiwa na matumaini, na ikafungwa mabao 2-0 jijini Dar es Salaam. Mwaka 1994 Kenya Breweries nayo ikaishia fainali. Ukiondoa makombe haya yanayoitwa madogo, simulizi ya klabu za Afrika Mashariki katika bara hili inabaki kurasa chache mno.

Yanga iliongeza ukurasa wake katika msimu wa 2022/23, na safari ile inastahili kusimuliwa taratibu kwa sababu ilianzia katika kushindwa. Klabu hiyo ilitolewa na Al Hilal ya Sudan katika mchujo wa Ligi ya Mabingwa, na kwa kanuni za msimu ule ikateremshwa Shirikisho, ambako ilikutana na Club Africain ya Tunisia katika mchujo wa nyongeza. Baada ya suluhu jijini Dar es Salaam wengi waliona kazi imekwisha, lakini bao la Stephane Aziz Ki mjini Tunis likafungua mlango wa hatua ya makundi. Humo Yanga ilifungwa mechi moja tu, ile ya kwanza ugenini kwa US Monastir, kisha ikaifunga TP Mazembe nyumbani na Lubumbashi, ikamaliza kileleni kwa pointi 13. Rivers United ya Nigeria na Marumo Gallants ya Afrika Kusini zilifuatia kutolewa, na Mei 28, 2023, Uwanja wa Benjamin Mkapa pale Temeke ukafurika kwa ajili ya fainali dhidi ya USM Alger ya Algeria.

Yanga ilifungwa 2-1 siku ile, bao lake likifungwa na Fiston Mayele, aliyemaliza akiwa mfungaji bora wa mashindano kwa mabao saba. Siku sita baadaye, mjini Algiers, ilishinda 1-0 kwa penalti ya Djuma Shaban, jumla ikawa 2-2, na kombe likaenda Algeria kwa kanuni ya bao la ugenini, yaani kanuni inayoipa ushindi timu iliyofunga mabao mengi zaidi nje ya nyumbani pale jumla inapolingana. Kanuni hiyohiyo ndiyo iliyoipa Gor Mahia kombe mwaka 1987. Klabu iliyoifunga timu ya Algeria kwenye uwanja wake wa nyumbani katika fainali ya bara haiwezi kusemwa kwa haki kwamba ilikuwa inashiriki mashindano ya walioshindwa.

Je, bingwa wa Shirikisho ni dhaifu kuliko bingwa wa Ligi ya Mabingwa? Swali hili lina jibu la uwanjani, kwa kuwa kila mwaka mabingwa hao wawili hukutanishwa katika mechi moja iitwayo Super Cup ya Afrika. Septemba 2022 RS Berkane, bingwa wa Shirikisho, iliifunga Wydad Casablanca, bingwa wa Ligi ya Mabingwa, mabao 2-0. Septemba 2023 USM Alger, ileile iliyoponea chupuchupu mbele ya Yanga, iliifunga Al Ahly ya Misri bao 1-0. Septemba 2024 Zamalek iliitoa Al Ahly kwa mikwaju ya penalti. Miaka mitatu mfululizo, basi, mwenye kombe linaloitwa dogo alimshinda mwenye kombe kubwa.

Hoja nzito kuliko zote, ambayo husikika mara chache sana vijiweni, ni ya pointi. Shirikisho la Soka Afrika, CAF, huzipanga nchi kwa pointi zinazokusanywa na klabu zake katika misimu mitano, na nchi 12 za juu huruhusiwa kupeleka klabu nne badala ya mbili, mbili katika kila kombe. Bingwa wa Ligi ya Mabingwa huiletea nchi yake pointi sita na bingwa wa Shirikisho tano. Mshindi wa pili tano kwa nne. Anayeishia nusu fainali nne kwa tatu. Na anayeishia robo fainali tatu kwa mbili. Tofauti kati ya makombe haya mawili katika kila hatua ni pointi moja, na kwa anayeburuta mkia katika kundi ni nusu pointi. Pointi hizo huzidishwa kwa tano kwa msimu wa karibuni zaidi, kwa nne kwa msimu uliotangulia, na kuendelea kushuka hadi moja, hivyo mafanikio mapya huwa na uzito mkubwa kuliko ya zamani.

Hesabu hiyo ikiwekwa juu ya klabu za nyumbani, inaonesha jambo ambalo utani wa jadi wa Simba na Yanga hulificha. Msimu wa 2022/23 Simba ilifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, ikailetea Tanzania pointi tatu, ilhali Yanga, kwa fainali ya Shirikisho, ilileta nne. Msimu wa 2024/25 mambo yakageuka: Yanga ilimaliza ya tatu katika kundi lake la Ligi ya Mabingwa, ambayo ni pointi mbili, Azam, iliyokuwa imeipiku Simba kwa tofauti ya mabao katika ligi ya ndani na kupewa nafasi ya kombe kubwa, ilitolewa na APR ya Rwanda katika mchujo wa awali bila kuleta chochote, na Simba, iliyoangukia Shirikisho kwa kumaliza ya tatu nyumbani, ilileta nne, ambazo kwa uzito wa msimu mpya zilihesabiwa kuwa 20. Msimu wa 2025/26 Tanzania Bara ilipeleka klabu nne, na zote nne, Simba, Yanga, Azam na Singida Black Stars, zikaingia hatua ya makundi. Nafasi hizo zilitafutwa pia katika usiku ambao mashabiki wa upande mmoja walikuwa wakiwacheka wa upande mwingine, na inasikitisha kwamba mwaka 2023 na mwaka 2025 maneno yaleyale ya dharau yalihama tu kutoka mdomo mmoja kwenda mwingine.

Ni kweli kwamba fedha hazilingani. Katika msimu wa 2022/23 bingwa wa Shirikisho alipandishiwa zawadi hadi dola milioni 2, ambayo ilikuwa nusu ya ile ya bingwa wa Ligi ya Mabingwa mwaka huo. Hata hivyo kombe la pili huwapa wachezaji kitu ambacho hakihesabiwi kwa dola, yaani mechi nyingi ngumu katika viwanja vya ugenini. Mbwana Samatta, kijana wa Mbagala, alijulikana Ulaya kwanza kupitia Europa League akiwa na Genk ya Ubelgiji: alifika nayo robo fainali mwaka 2017, akaifunga Brøndby ya Denmark mabao matatu katika mechi moja ya mchujo Agosti 2018, na Januari 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kusajiliwa na klabu ya Ligi Kuu ya Uingereza, Aston Villa. Shabiki wa Segerea aliyekuwa akiipuuza Europa League alipitwa na sehemu kubwa ya safari ya mchezaji wa mji wake.

Mechi za makundi za Shirikisho, zinazoamua nani atafika robo fainali na pointi ngapi zitaingia katika hesabu ya nchi, huchezwa miezi mingi kabla ya fainali, na ndizo zinazohitaji watu majukwaani. Uwanja wa nyumbani wa Azam uko Chamazi, Temeke, ndani ya jiji hilihili. Yanga na Simba hutumia Uwanja wa Mkapa unapokuwa wazi. Mwenye kibanda cha Segerea anayewasha runinga kwa ajili ya Bilbao na aiwashe pia kwa ajili ya mechi za makundi za miji kama Constantine na Sfax, na shabiki mwenye nauli ya daladala asingoje fainali ndipo aende uwanjani. Tangu Gor Mahia ilipolibeba Kombe la Washindi Desemba 1987, hakuna klabu nyingine ya wanaume ya Kenya, Uganda wala Tanzania iliyotwaa kombe la Afrika, liwe kubwa au dogo.