Jina Juu ya Mlango

Maneno yaliyosemwa Kabambare mbele ya wafanyakazi wa migodi na watu wa mji



Tumeombwa kusema juu ya jambo moja: je, inafaa nyumba ya watu wote, kama masomo, zahanati ao kituo cha polisi, ipewe jina la polisi aliyeanguka kazini? Wamoja kati yetu wanasema ndiyo. Wengine wanatikisa kichwa. Tusikilize pande zote mbili.

Wanaokataa wana sababu. Hapa Maniema babu zetu hawakumjua askari wa Leta kama mlinzi. Walimjua kwa fimbo, kwa kodi, kwa kamba shingoni. Force Publique, iliyofanya kazi ya vita na ya polisi pamoja mpaka 1960, ilitumwa na Bula Matari, haikutumwa na sisi. Hatuwezi kuambiwa tuheshimu kofia na kusahau migongo ya babu zetu.

Tena majina ya zamani yalichaguliwa na wengine. Desemba 1892, hapa jirani Kasongo, waliuawa Luteni Lippens na Sajini De Bruyne. Inasemwa De Bruyne alipata nafasi ya kukimbia penye mto Lomami, akakataa kumwacha mkubwa wake mgonjwa. Hilo ni tendo la ushujaa, hatulidharau. Wabelgiji waliwajengea ukumbusho kule Blankenberge mwaka 1900. Ponthier naye alikufa Oktoba 1893 kwa vidonda vya vita vya Waarabu, na mji mzima kando ya Lualaba ukaitwa Ponthierville. Leo ni Ubundu. Lakini askari weusi waliokufa katika vita hivyo, na wapagazi waliobeba mizigo yao, nani anayajua majina yao? Sisi makarani tunaelewa jambo hili. Mtu akiandikwa namba tu katika kitabu, siku anapokufa namba inapewa mwingine, na yeye amekwisha.

Nyuma ya uhuru tulianza kuchagua wenyewe. Kambi Léopold II ya Kinshasa ikaitwa Kokolo, kwa ajili ya Kanali Justin Kokolo aliyeuawa 21 Novemba 1960. Kambi nyingine ikaitwa Tshatshi, kwa ajili ya Kanali Tshatshi aliyeuawa Kisangani mwaka 1966. Ni vema. Lakini angalieni, wandugu: wote wawili ni makanali. Je, polisi wa cheo cha chini, anayelinda soko usiku ao njia ya Salamabila, damu yake ni maji?

Bukavu wana Kambi Saio. Saio ni mahali kule Ethiopia ambako askari wa Kongo walishinda jeshi la Waitalia mwaka 1941. Jina hilo halikuchagua mkubwa wala mdogo. Limewachukua wote waliokuwa pale.

Kwa hiyo sisi hatukatai. Tunasema ndiyo, lakini kwa masharti matatu.

La kwanza: awe amekufa akilinda watu, si akiwapiga wala kuwanyang'anya. Na mashahidi wawe watu wenyewe. Waulizwe mama wa sokoni, wachimbaji, wazee wa kijiji. Barua ya mkubwa wake peke yake haitoshi.

La pili: mjane na yatima walipwe haki yao kwanza. Jina halipikwi katika chungu. Itakuwa aibu mtoto asome jina la baba yake juu ya mlango wa masomo, kisha afukuzwe mlangoni hapo kwa kukosa franga.

La tatu: jina liandikwe lote, pamoja na kijiji chake na siku aliyokufa. Na kama raia alikufa pamoja naye, jina la raia liandikwe kando yake, kwa herufi za ukubwa mmoja.

Tukifanya hivyo, polisi anayepita chini ya jina hilo kila asubuhi atajua ni kazi gani tunayoishukuru, na ni kazi gani tusiyoisamehe. Naye mtoto wetu atajua kwamba askari anaweza kuwa mtu wetu.

Basi, wandugu, kabla rangi haijanunuliwa, twende kwanza nyumbani kwa mjane tumuulize amekula nini.